Pikipiki Isiyo na Kosa

Ukimsalimia Munyao akiwa karibu na pikipiki inayouzwa, utangoja jibu hadi uchoke. Kwanza ataweka kiganja juu ya injini. Ikiwa ya moto, atageuka arudi zake hata kama ametoka mbali, kwa kuwa injini mbovu hukohoa ikiwa baridi, na muuzaji aliyeipasha moto mapema ana lake analoficha. Ikiwa baridi, ndipo atakapokumbuka kuwa kuna watu wa kusalimia. Machakos wamemzoea. Kwa miaka ishirini na mitano wamekuwa wakimchukua huku na huku akawapimie pikipiki za mitumba, na hakuna aliyewahi kurudi kumlaumu.

Kuna aina moja tu anayoichukia: zile za mbio, ambazo mwendeshaji hulala kifudifudi juu ya tangi kama mtoto mgongoni. Huletwa gereji kwake nyuma ya pikapu, plastiki zimepasukapasuka, na mara mbili aliyekuja kuichukua ilipopona hakuwa mwenyewe, alikuwa kaka wa marehemu. Sasa fikiria alivyohisi Wavinya, mwanawe wa pekee, anayefanya kazi kiwandani Athi River, alipompigia simu kusema ameona moja Syokimau. Wavinya amepewa jina la mama yake Munyao, ndiyo maana fundi humwita mwaitu, yaani mama yangu. Na nani humnyima mama yake?

"Baba, siwezi nunua bila wewe," alisema.

Asubuhi ya safari mkewe, Munyiva, alimsindikiza hadi langoni pao Kalama. "Baba Wavinya, wewe hukuwangi mtu wa kukosa kosa. Leo usinikosee: litafute mpaka ulipate."

Huko Syokimau Wavinya alikuwa akimngoja pamoja na muuzaji, kijana mcheshi aitwaye Lenny. "Niaje mzee! Karibu, hii mashine iko fiti." Munyao aligusa injini. Baridi. Akasikitika, kisha akawasalimia.

Alitafuta kosa kama mama atafutavyo chawa kichwani mwa mtoto. Alikagua ncha za mikono ya breki na klachi, maana pikipiki iliyowahi kulala chini hukwaruzika hapo kwanza. Hakuna mkwaruzo. Alipitisha kidole kwenye shokapu za mbele akitafuta mafuta yanayovuja; kidole kikatoka kikavu. Meno yanayovuta cheni hayakuwa yamechongoka. Namba ya fremu ilikuwa ileile ya kwenye logbuku. Akaiwasha, ikaitika mara moja, bila moshi, na sauti yake ilikuwa tamu hata akaionea uchungu.

Ukabaki uzi. Munyao hutembea na uzi wa mwashi mfukoni. Huuvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kushoto na kulia, kwa sababu iliyogonga kitu huacha nafasi kubwa upande mmoja. Alipiga magoti, akaangalia. Nafasi sawa. Akaangalia tena, akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Fremu imepinda," alisema.

"Imepinda aje, mzee?" Lenny alimaka. "Hii haijawai gonga hata kuku!"

Wavinya hakuuliza swali hata moja. Miezi sita nzima alikuwa akitumia Jumamosi zake kujifunza kuendesha, lakini aliokota tu helmeti yake. "Pole, Lenny. Baba akisema imepinda, imepinda." Kisha akamgeukia babake. "Asante, Baba. Kumbe ningejinunulia kifo."

Hapo ndipo moyo ulipomuuma. Kama Wavinya angebishana naye, Munyao angeenda nyumbani na uongo wake akalala vizuri. Lakini siku moja atamwambia mtoto huyu kwamba tairi zimekwisha, au breki hazifai, na neno lake ndilo litakalomwokoa. Ataliharibuje leo kwa mikono yake mwenyewe?

"Mwaitu, rudi. Kuja upime huu uzi."

Wavinya alichuchumaa. Akaingiza kidole kati ya uzi na tairi upande wa kushoto, akazunguka, akaingiza upande wa kulia. "Baba, mbona naona ni sawa?"

"Ni sawa."

"Sasa imepinda wapi?"

"Haijapinda. Nimekudanganya. Naogopa, mwaitu. Naogopa sana."

Lenny alijitia kushughulika na simu yake. Wavinya alibaki pale chini, kidole bado kwenye uzi, macho yamemjaa machozi.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Ndio maana nilikuita."

Munyao alimwomba Lenny msamaha kwa jina lake, kama mtu mzima amwombavyo mtu mzima mwenzake. Lenny akacheka, akamwazima helmeti. Karatasi zilipokamilika, fundi aliyeapa hatapanda kamwe kitu cha namna ile alipanda nyuma ya binti yake, magoti karibu yafike masikioni, wakaishika njia ya nyumbani. Wavinya aliendesha polepole hata lori la mchanga likawapita.

Munyiva alikuwa langoni, mikono kiunoni. "Si nilikwambia utafute kosa?"

"Nimetafuta, Mama Wavinya. Haina."

"Na mbona hushuki?"

Munyao alitazama chini. Vidole vyake vilikuwa vimekamata jaketi la Wavinya kwa nguvu zote, wala havikuonyesha dalili ya kuachia.

"Ngoja kidogo," alisema.