Niliandika "Hana" kwenye Fomu ya Somoe

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule. Huku kwetu tunajuana, na humu ndani wapo niliowafundisha.

Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka sabini na nne, naishi Ruangwa. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kushauri wengine. Leo nimechoka, naomba kushauriwa. Mnivumilie nikieleza kwa urefu, ndio ugonjwa wetu walimu.

Miaka ya tisini nilikuwa nafundisha Nachingwea. Kijana mmoja aliyepooza mkono wa kushoto aliomba chuo cha ualimu. Alikuwa amefaulu kuliko wenzake. Kwenye fomu palikuwa na mstari unaouliza kama mwombaji ana ulemavu, nikamwambia ajaze ukweli. Jibu likaja kwamba mwalimu anatakiwa awe na viungo kamili. Mkono wake wa kushikia chaki ulikuwa mzima kabisa! Nikajiapiza kwamba sitamponza mtoto mwingine kwa ukweli.

Kama miaka kumi baadaye, nikiwa mkuu wa shule huku Ruangwa, nilimpata Somoe (si jina lake). Polio ilimpooza mguu mmoja, alitembea kwa fimbo. Baba yake, mkulima wa Nkowe, alimleta kwa baiskeli kila Jumatatu, na akimshusha ananiambia, "Mwalimu, mguu hausomi. Kinachosoma kichwa, nacho nimekuletea kizima."

Alipomaliza kidato cha nne aliomba chuo cha ualimu. Tukaijaza fomu ofisini kwangu. Alipofika kwenye ule mstari akanitazama.

"Na hapa, Mwalimu?"

"Andika hana."

"Si wataniona nikifika?"

"Ukishafika, umeshafika."

Akasita. Nikachukua kalamu nikaandika mwenyewe.

Jina lake halikutoka. Nikaandika barua chuoni kuuliza, wakanijibu kwa upole. Alama zake zilipungua kidogo kwa nafasi za kawaida. Lakini siku hizo walikuwa wametenga nafasi chache kwa waombaji wenye ulemavu, na kwa alama zile angepata. Fomu yake ilisema hana. Aombe tena mwakani.

Utaratibu ulikuwa umebadilika, nami sikuwa nimeuliza. Nilikuwa bado napigana na jibu la yule kijana wa Nachingwea.

Somoe na baba yake walipokuja kusikia majibu, barua ilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Nikasema, "Alama hazikutosha, mwanangu." Haukuwa uongo mtupu, ndiyo maana ulinitoka kirahisi. Mzee akanishika mkono. "Basi, Mwalimu. Umetupigania."

Nilipanga mwakani nimwite aombe upya. Mwaka huo ulipofika akawa ameolewa Mbekenyera, tena mjamzito, na mimi nikashukuru kimoyomoyo kupata sababu ya kunyamaza. Hapo ndipo kosa langu lilipo hasa. Lile la fomu lilikuwa ujinga tu.

Leo Somoe analima ufuta na kufundisha watoto wa chekechea kijijini, bila cheti. Akiletwa mwenye cheti, yeye hukaa pembeni. Huyo akihama, huitwa tena. Kila Idi ananiletea korosho, na kwa wageni wangu husema, "Huyu alinipigania. Kichwa changu ndicho kilichoniangusha."

Wiki iliyopita alikuja na binti wa mdogo wake, amemaliza kidato cha nne, hasikii vizuri. Walikuja na fomu ya chuo. Kwenye mstari wa ulemavu wameandika kwa penseli: hana.

"Tumefanya kama ulivyonifundisha, Mwalimu."

Nikasema ajaze ukweli. Somoe akacheka. "Umezeeka sasa, umesahau ujanja wako mwenyewe! Wazazi wote kule wenye watoto kama huyu nawaambia hivyohivyo."

"Mama mkubwa, anasemaje?" binti akauliza.

Somoe akamwinamia sikioni. "Anasema tuandike ukweli. Usimsikilize."

Nikawaomba waniachie fomu, warudi Ijumaa. Nimeulizia wilayani, wameniambia ajaze bila kuficha chochote.

Naweza kufuta ile penseli na kusema tu kwamba mambo yamebadilika. Binti atasalimika, na wazazi wengine wataacha kuponzwa. Lakini Somoe ataendelea kuamini kwamba kichwa chake kilimwangusha, na baba yake, aliyejua ni kizima, ameshafariki.

Mke wangu ndiye pekee anayejua. Nilipomwambia nataka kusema yote, aliniuliza, "Unataka kumponya yeye, au kujitua mzigo wewe?"

Barua ya chuo bado ninayo, imegeuka manjano. Fomu ya binti nimeiweka juu yake. Ijumaa baada ya swala Somoe atabisha hodi. Nimkabidhi fomu peke yake, au nimkabidhi vyote viwili? Nishaurini, wanangu. Safari hii nimeuliza kwanza.