Karatasi Iliyosema Nilikuwa Peke Yangu

Zamani Makongeni, mkaguzi wa nyumba za wafanyakazi wa reli alipokuja, mama alitusukuma wawili chini ya kitanda. Chumba kiliandikishwa kwa watoto wawili. Sisi tulikuwa wanne, mimi wa tatu. Huko chini niliona viatu vya mkaguzi tu, vya kahawia, kimoja kimeshonwa kwa waya. Baba akasema, "Ni hao tu, bwana." Kalamu ikakwaruza. Lakini si viatu ninavyotaka kusimulia.

Nilikuja kuwa dereva wa lori. Siku moja, miaka ya tisini ikianza, tulipakia unga Eastleigh, mimi na Wafula, fundi wangu kutoka mtaa wa Huruma. Siku ya kawaida kabisa. Wafula anatafuna mandazi, ananicheka.

"Dere, unaendesha kama bibi harusi."

"Shuka basi usukume."

Nchi jirani tuliyokuwa tukienda ilikuwa vitani. Tulipovuka mpaka, askari wa serikali yao wakatukamata, wakasema unga ni wa waasi. Wakatufungia kwenye ghala.

Asubuhi moja mizinga ikaanza.

Ukuta ukaanguka.

Wafula alikuwa upande ule.

Nilimfukua kwa mikono. Alikuwa ameshakufa. Askari wakamtoa kwa blanketi, kaburi sikuonyeshwa.

Ubalozi wetu ulihangaika, siwezi kukana. Barua zilienda, barua zikarudi. Afisa wao alinijia mara tatu, akipita katikati ya vita hivyo, mkononi kipande cha sabuni. Baada ya miezi mitano nikaachiliwa.

Nairobi nikaitwa ofisi fulani mjini, nichukue pasipoti yangu. Karani, mtu mpole, akanisomea karatasi, maana kusoma kwangu ni kwa kuungaunga. Ilisema serikali ile ilimshikilia Mkenya mmoja tu.

"Na Wafula?"

"Wanasema hawakumwona, mzee. Ndivyo tulivyokubaliana nao, ndiyo ukatoka. Weka sahihi."

"Mama yake nimwambie nini?"

"Hayo tutafuatilia."

"Mtamfuatilia mtu ambaye hakuwepo?"

Akagusa pasipoti. "Bila hii huvuki mpaka tena. Utakula nini?"

Kweli, kazi nyingine sikuijua. Baba simlaumu, alitutafutia pa kulala. Lakini mimi chini ya kile kitanda nimelala, najua kulivyo.

Nikalaza kalamu bila kuweka sahihi, pasipoti nikaiacha mezani, nikainuka. Karani akaita, "Mzee! Mzee!" Nikatembea kwa miguu hadi Huruma, kwa Mama Wafula, nikamwambia mwanawe alikuwepo. Sikuwa na kaburi la kumwonyesha. Ofisini kule sijarudi.