Siku Nilipoungama Dhambi ya Jirani Yangu

Sitamtaja mtu jina humu. Nimekatazwa, na aliyenikataza ana haki, kama mtakavyoona. Mimi mwenyewe mniite tu mwalimu, kama nilivyoitwa kwenye shamba lile la ngano na maua ya pareto nje kidogo ya Njoro, nilipokuwa na miaka ishirini na miwili, mtoto mmoja mgongoni, na mdomo usiojua kufungwa.

Mdomo huo nilikuja nao kutoka shule. Wasichana waliofika sekondari siku zile walikuwa wa kuhesabika, na mimi nilifika, nikakaa miaka miwili, nikatoka na sweta la shule lililochakaa viwiko na imani kwamba kila nilichofikiri kilistahili kusikika. Nilipoolewa na karani wa shamba, nilipewa darasa la asubuhi la watoto wa wafanyakazi. Nikifika bombani kuteka maji, wanawake walinipisha mbele. Nilidhani ni heshima. Walitaka nijaze niende.

Jirani yangu wa mlango wa pili, kwenye laini ile ya nyumba za wafanyakazi, alikuwa mjane mwenye watoto wawili na mama mkwe mzee. Mwanamke wa maneno machache sana, mpaka nikamwona hana akili. Kazi yake ilikuwa kuosha mashine ya krimu na madebe kwenye nyumba ya maziwa. Krimu ilipakiwa kwenye gari kupelekwa Nakuru mjini. Maziwa yaliyobaki baada ya krimu kutolewa yalikuwa ya nguruwe. Ndiyo ilikuwa amri ya shamba: ya nguruwe, si ya mtu. Mpaka leo nikiwakumbuka nguruwe wale, wanono, wamelala kwenye majani makavu kama watu wa ofisini, natamani kurusha kitu.

Mama mkwe wa jirani ndiye aliyenishikia mtoto asubuhi nikiwa darasani. Nilianza kumwachia akiwa na miezi mitatu, mwembamba, analia kama paka. Maziwa yangu yalikuwa machache. Nililijua jambo hilo lakini sikulikubali, maana nilikuwa nimesoma, na sikuona ni vipi mwili wa mtu aliyesoma ungeshindwa na kazi inayofanywa na kila mbuzi. Basi nikaweka utaratibu. Maji yachemke dakika kumi kwa saa. Uji upimwe kwa kijiko. Nikamwandikia yule mama mzee karatasi nzima, ingawa hakujua kusoma, nikaibandika ukutani kwake kwa unga wa ngano.

Kufika miezi saba, mtoto alikuwa na mashavu kama mandazi. Nikawahutubia wanawake bombani.

"Mnaona? Mtoto hanenepi kwa bahati. Ananenepa kwa utaratibu."

"Kweli, mwalimu," mmoja akajibu, akitazama ndoo yake.

"Kama kila mama angepima uji kwa kijiko..."

"Kweli kabisa. Ndoo yako imejaa, mwalimu."

Wiki hiyohiyo, saa sita mchana, nikitoka darasani, nilimwona jirani akipita nyuma ya banda la pareto. Alijifunga shuka la bluu kifuani, na chini ya shuka palikuwa na kopo. Upepo ulipeperusha shuka nikaliona wazi, limefunikwa kwa jani la kabichi. Alipita upesi, bila kunisalimu.

Jioni nilikuwa bombani. "Yule mjane anaiba maziwa kwenye nyumba ya maziwa," nikasema. "Nimemwona kwa macho yangu."

Maji yalikuwa yakitiririka, na hakuna aliyeyafunga. Wanawake sita, na hata mmoja hakusema "ehe?", neno ambalo mtu husema hata akiambiwa kunanyesha. Mwishowe mkubwa wao alisema polepole, "Mwalimu, teka maji uende kwa mtoto." Nikaenda, nikijiambia kwamba hawa watu hawana dhamiri.

Sasa niwaeleze mkutano wetu. Siku zile uamsho ulikuwa umeingia mashambani, na kila Alhamisi baada ya kazi tuliookoka tulikusanyika kwenye banda la kukaushia pareto. Tulitumia Kiswahili kwa sababu tulikuwa watu wa makabila mengi. Vumbi la maua makavu lilitufanya tupige chafya kuanzia sala ya kwanza hadi ya mwisho. Desturi yetu ilikuwa ushuhuda: anayeguswa anasimama, anataja dhambi yake mbele ya wote bila kuficha, kisha wote wanaimba pambio kumshangilia. Aliyeficha kitu aliitwa mtu wa gizani. Mimi sikutaka giza. Kusema kweli, nilipenda sana kusimama. Dhambi zangu zilikuwa ndogondogo, lakini nilizieleza vizuri.

Alhamisi ile alikuja mhubiri kutoka Nakuru kwa baiskeli, suruali imefungwa kamba miguuni, akahubiri juu ya ulimi. Alisema Mkristo anaweza kufunga siku tatu bila chakula na bado akamla jirani yake mzima. Nikaguswa. Niliguswa kwa kweli, sidanganyi. Machozi yalinitoka. Nikasimama.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Asifiwe," wakaitikia.

"Nimetenda dhambi ya ulimi. Nimemsengenya jirani yangu."

"Yesu anasamehe!"

Hapo ndipo mtu mwenye akili angeketi. Lakini nilikuwa nimefundishwa kutoficha, na pia nilikuwa nimefundishwa shuleni kwamba habari isiyo na ushahidi ni porojo. Basi nikaendelea. Nikamtaja jina. Nikasema nilimsengenya bombani kwamba anaiba maziwa kwenye nyumba ya maziwa. Nikaeleza siku, nikaeleza saa, nikaonyesha kwa mkono njia aliyopita. Nikasema shuka lilikuwa la bluu. Nikasema kopo lilifunikwa jani la kabichi. Mambo niliyowaambia watu sita, sasa niliwaambia watu arobaini, na kwa mpangilio bora zaidi.

Nilipomaliza nikangoja pambio. Pambio halikuja. Nikasikia chafya moja huko nyuma. Halafu nikaona kwamba kwenye benchi la mbele, kofia mapajani, ameketi nyapara, msimamizi wa wafanyakazi wote wa shamba, aliyeokoka miezi mitatu tu iliyopita na bado alikuwa wa moto kama chuma kilichotoka kwenye makaa.

"Bwana asifiwe!" mhubiri akaokoa jahazi. "Dada ametua mzigo!"

Nilikuwa nimeutua kweli, juu ya kichwa cha mwenzangu. Yeye hakuwapo. Alikuwa kazini, anaosha madebe.

Nilimkimbilia nyapara nje. "Mzee, yale niliyosema yalikuwa ya kuungama tu. Si ya kupeleka."

"Dada," akasema, na alikuwa na huzuni ya kweli, "miezi mitatu iliyopita ningenyamaza. Sasa nimeokoka. Memsab huniuliza kila asubuhi kama kuna jambo. Kesho akiniuliza nitasemaje? Nimdanganye?"

Mimi ndiye niliyempigia makofi siku aliyoahidi mbele yetu kwamba hatadanganya tena maishani.

Ijumaa asubuhi memsab, yule mzungu mke wa mwenye shamba, alimwambia jirani asikanyage kwenye nyumba ya maziwa. Akae nyumbani mpaka Jumamosi, bwana mwenye shamba arudi, aamue kama atafukuzwa. Na kufukuzwa shambani siku zile za Hali ya Hatari, wakati wa Mau Mau, hakukuwa jambo la kutafuta kazi kwingine. Bila barua ya mwajiri hakuna shamba lingekupokea. Ungepandishwa lori na sufuria zako na mama mkwe wako, na lori likishateremka bondeni hakuna aliyejua lingekushushia wapi.

Nilikwenda kumchukua mtoto nikiwa nimejiandaa na maneno ya kuomba msamaha. Mengi. Jirani alikuwa ameketi kitandani akikunja nguo za watoto na kuziweka kwenye gunia. Hakuinua macho. Mama mkwe ndiye aliyezungumza.

"Kopo lile hili hapa, mwalimu. Linuse."

Lilikuwa tupu, limeoshwa. Mtoto wangu, aliyekuwa mapajani kwa bibi, akaliona. Akatupa mikono yote miwili, akapiga kelele za furaha, akalikumbatia, akatia mdomo kwenye ukingo wake kama mtu aliyefika nyumbani. Alipokuta hamna kitu, akalia.

"Kila siku saa sita," bibi akasema. "Tangu alipokuwa analia kama paka. Nilimwambia huyu binti yangu, mtoto wa mwalimu atakufa mikononi mwangu, na mama yake ameniletea karatasi."

Karatasi ilikuwa bado ukutani. Mende walikuwa wamekula unga, pembe moja imeachia.

"Mbona hamkuniambia?" nikauliza.

Jirani alisema neno lake la kwanza. "Tukuambie wewe?"

Laini yote ilijua. Wanawake sita bombani walijua, na kwa miezi minne walimeza kimya wakinisikiliza nikiwafundisha habari za kijiko. Mtu pekee ambaye hakujua ni yule aliyesoma, na alipojua nusu yake akaitangaza kanisani. Na mwanangu, hata jino la pili hajaota, alikuwa ametoa ushuhuda mfupi na wa kweli kuliko wangu wote.

Nikamwambia mume wangu kwamba nitakwenda kwa memsab. Alikuwa akichonga penseli. Alijua kazi zetu zote mbili zingeweza kwenda na maji, na alichonga penseli ile mpaka ikabaki kipande.

"Utasema nini?" akauliza.

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa na utangulizi, kisha habari ya nguruwe, kisha haki, kisha...

"Mama watoto," akanikatiza. Tulikuwa na mmoja tu, lakini aliniita hivyo akitaka nitulie. "Maziwa alikunywa nani?"

"Maziwa alikunywa mtoto wangu."

"Basi. Maneno hayo manne. La tano ukiliongeza, tutafukuzwa sote."

Jumamosi nikasimama kwenye baraza la jikoni, mtoto mgongoni. Memsab alitoka na mkasi wa maua mkononi. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani ambacho watoto wangu wa darasa la kwanza walikiiga wakicheza.

"Wewe mwalimu nataka nini?"

"Maziwa alikunywa mtoto wangu," nikasema.

"Maziwa gani? Ile ya nguruwe?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kichwa si neno.

Akanizunguka, akamtazama mtoto, akambana shavu kwa vidole viwili. "Mafuta mingi," akasema. Akabana tena. "Nguruwe yangu hapana mafuta kama hii."

Ndugu wasomaji, nilikuwa na jibu. Lilikuwa la Kiingereza, lenye vishazi vitatu, na hata mwalimu wangu wa zamani angeniwekea alama nzuri. Lilipanda kutoka tumboni likafika kwenye meno. Niliuma ulimi, na sisemi hivyo kwa mfano: niliuma mpaka nikaonja chumvi ya damu. Muda wote niliokuwa nikiutazama mkasi ule nilimwona jirani akikunja nguo na kuzitia kwenye gunia. Nikameza. Nikameza tena. Memsab alikuwa akingoja nilie, nadhani, au nijitetee, na nilipokosa kufanya lolote hakujua afanye nini na mkono wake, akaupeleka kwenye maua.

"Nenda," akasema. "Bwana tasema."

Bwana alisema jioni, kupitia kwa nyapara. Mjane abaki shambani, lakini atoke kwenye nyumba ya maziwa aende kuchuma pareto. Na mwalimu aache darasa, akanyonyeshe mtoto wake mwenyewe. Mume wangu alibaki na ukarani wake. Nguruwe walibaki na maziwa yao.

Basi Jumatatu nikajikuta kwenye pareto, kikapu kiunoni, mstari mmoja na jirani yangu. Alichuma kwa mikono miwili, upesi, bila kuangalia. Mimi nilichuma kama ninayesahihisha daftari. Siku ya kwanza hakunisemesha. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu nilifungua mdomo.

"Dada, mimi nataka..."

"Chuma."

Nikachuma. Tulipofika mwisho wa mstari akaweka kikapu chini, akatazama changu kilichofika nusu, akanimiminia konzi mbili za maua yake.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini kwa sharti."

"Lolote, dada yangu."

"Usinitolee ushuhuda."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

"Nakujua. Alhamisi utasimama useme mwenzangu amenisamehe, siku fulani, saa fulani, shuka la bluu. Sitaki. Kama ni lazima umwambie mtu, andika. Karatasi haina sauti. Na usiniweke jina."

Alhamisi ilipofika nikaketi bandani na mtoto. Jirani alikuwa nyuma, karibu na mlango. Watu walishuhudia, pambio zikaimbwa. Mimi nilikuwa na ushuhuda mkubwa kuliko wote niliowahi kuwa nao. Ulikuwa na machozi, ulikuwa na memsab, ulikuwa na damu. Kabla sijajua nafanya nini, magoti yakanyooka yenyewe, na hapo nilikuwa nimesimama, watu arobaini wamegeuka, nyapara ameshika kofia yake kwa mikono miwili kwa hofu.

"Dada ana neno?" akauliza kiongozi.

Nikatazama nyuma. Jirani alikuwa ananitazama moja kwa moja, hapepesi. Nikavuta pumzi ndefu, na vumbi lote la pareto likaingia nayo. Nikapiga chafya. Mara tatu, kubwa, mpaka mtoto akashtuka.

Nikaketi.

Kisha sauti ya mwanamke mmoja, karibu na mlango, ikasema, "Amina."