Mama Hajatua

Kazi yangu hapa Kibondo ni kuchora katuni zinazotembea: mbu anayekikimbia chandarua, mtoto anayenawa mikono. Watu hudhani kompyuta ndiyo inayochora. Kompyuta haijui kitu. Sekunde moja ya mwendo ni picha kumi na mbili za mkono wangu, kila moja ikitofautiana kidogo na iliyotangulia, na ukikosea moja tu mtu anachechemea.

Mama alipopata kiharusi, hakusimama tena. Mwanamke aliyepanda na kushuka vilima vya Rungwe Mpya na ndoo ya maharage kichwani, sasa alikuwa akigeuzwa kitandani na dada yangu mkubwa. Siku moja akaniomba nimchore anatembea, ajione tena.

Nikalipua kazi. Nilimchukua mwanamke niliyekwisha kumchora kwa tangazo la kliniki, nikamvisha kitenge cha mama, nikapanda basi la Kasulu kwenda kumwonyesha. Mama aliitazama simu kwa muda mrefu.

"Mwana wanje, mwanangu, huyu si mimi," akasema kwa ulimi mzito. "Huyu hajawahi kubeba kitu."

Niliona haya. Alikuwa ameitaja kanuni tunayofundishwa mapema na kuisahau mapema: uzito. Katuni haina hata kilo moja, kwa hiyo uzito lazima uonekane kwenye mwili unaoubeba. Goti hukunjika kidogo unyayo ukigusa ardhi, nyonga huenda upande, shingo haitikisiki maana ndoo haitaki mzaha. Na kabla ya mwili kupanda, hushuka kwanza.

Nilirudi Kibondo nikaanza upya. Haraka haraka haina baraka, wanasema. Basi safari hii sikuwa na haraka, na mama hakunisubiri. Nilikuwa namalizia visigino dada aliponipigia simu. Hilo sijajisamehe.

Baada ya matanga niliweka kompyuta mezani, nikamwita dada. Mama akatokea akipandisha kilima, ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika ukingoni. Dada, mtu mwenye wajukuu, akainuka kitini mikono mbele kwenda kumtua mzigo, kama tulivyokuwa tukikimbia sote alipoonekana njiani. Akafika mezani, akasimama. Mama akaendelea kutembea.

"Mbona hafiki?" dada akauliza.

Nikamweleza kwamba katika katuni za namna hiyo, picha ya mwisho huunganishwa na ya kwanza ili mtu atembee bila kukoma. Dada alikuwa analia.

"Basi mchore anatua," akasema. "Amechoka."

Nimejaribu. Kanuni zote ninazijua: magoti yatakunjika, mikono itapanda, shingo itachelewa kidogo kuamini kwamba mzigo umeondoka. Ni picha thelathini hivi, kazi ya siku mbili. Lakini ndoo ikishafika chini, lazima iwepo picha ya mwisho ya mama, na mkono wangu unakataa kuichora.