Kikombe Kilichojaa

Mafundi wa kompyuta wa soko letu hapa Margilan wana dawa moja kwa kila ugonjwa: kufuta kila kitu na kuanza upya. Mimi walinifutia picha zote za utoto wa wanangu, na hadi leo nikipita mbele ya kibanda chao natema mate. Kwa hiyo kompyuta ya jirani yangu Hurinisa ilipogoma kuwaka, nilimkataza kuwapelekea. Nikamwitia Zulhumor.

Zulhumor ni mwanamke mnene, mcheshi, anayezunguka majumbani kwa baiskeli na vifaa vyake ndani ya mfuko wa hariri. Hana haraka. Kabla ya kuweka mfumo mpya huuliza maswali mpaka mwenye nyumba achoke.

"Nini kisipotee?" aliuliza siku hiyo, akichomeka diski yake.

"Filamu za harusi ya mwanangu," Hurinisa alijibu. "Na picha za safari ya Bukhara. Mengine futa, dada. Mashine yenyewe imekuwa punda mzee, inasimama inapotaka."

"Kufuta ni dakika moja, mama. Kulia ndiko kunakochukua mwaka."

"Atalia nani? Nyumba hii yangu, najua kila kilichomo!"

Mkamwana wake, Munojat, alikuwa amepiga magoti pembeni akitumiminia chai, mimba yake imeshakuwa kubwa. Mkamwana haingilii maneno ya mama mkwe mbele ya wageni. Na huyu, tangu azikwe mamake majira ya baridi, alikuwa haongei hata pasipo wageni.

Zulhumor alinakili filamu na picha, akafungua nakala moja moja kuhakikisha zinacheza. Kisha akaweka kidole juu ya kitufe.

"Nikibonyeza hapa, vilivyobaki ndani ndiyo basi tena. Nibonyeze?"

"Bonyeza!"

Hapo Munojat akamnyooshea Zulhumor kikombe. Kilikuwa kimejaa pomoni, chai ikimchuruzika vidoleni.

Nilishtuka. Kwetu mgeni hupewa nusu kikombe, upate kumwongeza tena na tena. Ukimjazia umemwonyesha mlango, na hilo hata mtoto analijua.

"We Munojat!" Hurinisa alifoka. "Unamfukuza mgeni wangu? Ndivyo mamako alivyokufunza?"

Macho ya binti yakajaa machozi. Zulhumor aliondoa mkono taratibu.

"Hanifukuzi mimi, mama. Anakifukuza kidole changu." Akamgeukia Munojat. "Mdogo wangu, kuna kitu chako humu?"

"Kwenye folda ya printa," Munojat alinong'ona.

"Printa gani?" Hurinisa aliuliza. "Si ilikufa mwaka juzi!"

"Ndiyo maana, mama. Hakuna anayeifungua."

Zulhumor alipekua katikati ya mafaili ya mashine yenyewe, mahali ambapo hata yeye asingenakili kitu, akakuta rekodi moja ya sauti. Alimtazama Munojat, naye akaitikia kwa kichwa.

Mwanamke akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza mtoto. Kikohozi kikamkata, akacheka, akasema, "Munojat, usirekodi kikohozi, mjukuu wangu ataogopa." Kisha akaanza upya.

Sote tuliijua sauti ile. Hakuna aliyegusa mkate.

"Mbona ulimficha?" Hurinisa aliuliza, sauti imemshuka.

"Mlisema mjamzito asilie, mama. Na mimi nikimsikiliza nalia."

Niliona haya, maana maneno hayo hata mimi nilimwambia, na nilijiona nampa hekima.

Hurinisa alijifuta macho kwa ncha ya kilemba. "Dada, nakili hiyo. Mara mbili. Nafasi ikikosekana, kata pale wajomba wanapocheza ngoma harusini. Hawajui kucheza hata hivyo."

Munojat alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Zulhumor alinakili, akasikiliza nakala zote mbili hadi mwisho, ndipo akabonyeza. Tulikula aprikoti kavu tukisubiri. Kompyuta ilipowaka, akarudisha kila kitu mahali pake, na sauti ya marehemu akaiweka juu kabisa, mbele ya macho, kwa jina lake.

Hurinisa alimwondolea mkamwana wake birika mkononi. Akasuuza kikombe safi, akaweka mkono kifuani kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, akammiminia Munojat chai. Nusu kikombe.