Chungu cha Wifi Pili

Mwaisha alikuwa mfinyanzi wa Bigwa, mcheshi wa kusalimia hata mbuzi. Mwaka Wajerumani walipofikisha reli Morogoro, alianza kusikia sauti za watu asiowaona. Zilimwambia kwamba sokoni wanamsengenya. Akaacha kwenda sokoni, akaacha kuoga, na udongo wake ukakauka uani.

Wifi yake Pili, dada wa mumewe, akahamia kwake. Hakumbishia wala hakumcheka.

"Wifi, zinasema nini leo?"

"Zinasema vyungu vyangu vitapasuka."

"Basi leo nafinyanga mimi. Zije zinitukane mimi."

Pili hakuwahi kufinyanga maishani. Chungu chake kilitoka kimelala upande, mdomo umepinda kama wa mtu anayetafuna ndimu. Mwaisha alikitazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akalowesha udongo, akaanza kumfundisha.

Tangu hapo walifinyanga pamoja kila asubuhi, kisha wakateremka mtoni kuoga. Vyungu vilipokwisha kuchomwa, wakavipeleka sokoni wote wawili. Sauti zilipomjia, Mwaisha alishika kanga ya Pili mpaka zikatulia.

Mzee mmoja akanyanyua kile chungu kilichopinda, akauliza bei.

"Shikamoo babu," Mwaisha akasema. Hakuwa amemsemesha mteja tangu masika. "Ukinunua hicho, nakuhurumia. Kakifinyanga wifi yangu."

Watu wakaangua kicheko, Pili akiwa wa kwanza. Sauti hazikumwacha Mwaisha kabisa, lakini siku ya soko iliyofuata ni yeye aliyemwamsha Pili.