Nyama ya Wenyeji

Leo nimemkana mtu kwa sababu ya nyama.

Wawindaji wenye kibali walipiga nyati porini, wakatafuta akina mama wa kuwabebea mpaka barabarani. Ujira ni nyama. Nikaenda, mtoto mgongoni.

Mahema na masufuria yakafungwa kwenye turubai, nyama ikatiwa kwenye viroba. Changu kilinivujia damu mpaka shingoni, lakini hayo tuyaache.

Kabla ya kujitwisha nikauliza nani ana ingata, ile kata ya kuwekea mzigo kichwani. Waha tunaiita hivyo, na Warundi hivyo hivyo.

Mama Divine, mkimbizi wa Burundi, akachana kitenge chake akanisokotea. Njia nzima ananiita dada, anambembeleza mwanangu.

Kumbe mkubwa wa wawindaji, mtu wa mbali, alinisikia nikisema ingata, akanidhania Mrundi.

Kufika barabarani akaanza kugawa. "Wenyeji, paja. Wakimbizi, utumbo. Na wewe wa ingata, simama kule na wenzako."

Tulibeba sawa sote. Hilo ndilo nililopaswa kusema.

Nikasema, "Mimi si mkimbizi, baba. Mimi Muha wa Kalinzi."

Akacheka. "Si ungesema mapema, mama."

Nikapewa paja.

Nikamkimbilia Mama Divine nimgawie nusu. Hakusimama.

"Kawapikie watoto, mwenyeji," akasema.

Asubuhi yote nilikuwa dada.

Watoto wamekula, wameshiba. Msinipe pole. Niambieni tu, nyinyi mngejibu nini pale?